Mvua Katika Msimu wa Asali

Mpanda, siku moja kabla ya safari yako

Nyamizi mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, na za jioni tutapeana ukirudi na shangazi yako kutoka kuaga watu, kwa hiyo hapa naziruka. Nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea, mlango uko wazi, na kuku wa jirani wanaingia na kutoka humu ndani kana kwamba wanalipa kodi. Naandika upesi. Siwema akinikuta ataniuliza naandika nini, na mimi tangu utoto sijawahi kufaulu kumdanganya dada yangu.

Mambo ya safari utaambiwa na yeye. Mzigo usimwachie mtu hata kama amevaa suti, maji ya Dar es Salaam uyachemshe, na pale Tabora mkibadilisha treni usisinzie. Tangu juzi anayapanga mdomoni. Mimi nina jambo moja tu. Nitaikunja barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukiwa umeshafika, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kukuambia ukiwa umenitazama. Naogopa, mama. Naliandika hilo mapema ili usije ukasoma ukadhani ni hekima ya mzee.

Jana ulikuja ukanipigia magoti pale uani nikiwa nasuka kamba. Ukasema, "Baba, nisamehe ya Jumapili. Labda nimekosea. Nilikuwa mdogo." Nami nikakushika kichwa nikasema, "Yameisha, mama." Ukainuka, ukaenda kuchota maji, na nikakusikia unaimba.

Hayajaisha. Na wewe hukukosea kwa namna unayodhani.

Ngoja nianze na ile Jumapili, maana kila mmoja wetu ameshaanza kuikumbuka kwa namna yake na haijapita hata wiki. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa wa Karema. Ulikuwa umefunika chini kile kitabu ulichoazimwa na mwalimu wako, ukaniuliza, "Baba, ukikumbuka jambo, unaliona lenyewe, au unaona vile unavyolisimulia?" Nikakujibu kwa majigambo, unanijua. Nikasema kichwa changu ni kilindo, lile pipa letu la gome la mti tunalowekea asali. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Asali haiwezi kugeuka maharage humo ndani. Shangazi yako akacheka, nami nikajiona nimekishinda kitabu.

Ndipo ukasema, taratibu kabisa, "Basi siku ile mama alivyokuita unaikumbuka?"

"Siku gani?"

"Siku uliyoenda kurina asali, halafu nyuma mama akafa. Mi naikumbuka. Alinibeba, kavaa ile khanga nyekundu, akakimbia mpaka mwisho wa mihogo. Akakuita. We hukugeuka."

Nilisukuma sahani. Nilisema maneno ambayo mzazi hamwambii mtoto anayefunga mizigo. Nikasema umeota. Nikasema bibi yako, mama yake mama yako, alikulisha uongo miezi ile uliyokaa kwake baada ya msiba, kwa sababu hakunipenda. Marehemu wa watu, nikamtukana na ugali uko mdomoni. Wewe hukupandisha sauti. Ulisema tu, "Mi sijaambiwa na mtu, baba. Naiona."

Nikakurukia kwenye khanga. Ile khanga nyekundu, nikasema, niliinunua hapa Mpanda baada ya mama yako kuzikwa, na aliyekubeba nayo ni Siwema huyu hapa, muulize. Shangazi yako akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Nikaona uso wako unavyobadilika. Nilifurahi, mwanangu. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi kama mtu aliyemwona shahidi wa upande wa pili amejikwaa. Nikamalizia kwa nguvu, "Na mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo! Hata kama angeita, nisingesikia!"

Sasa angalia vizuri hapo. Kwanza nilisema hakuita. Kisha nikasema hata kama aliita nisingesikia. Mtu mwenye haki jibu moja linamtosha. Shangazi yako aliliona hilo, maana aliinuka akaanza kukusanya vyombo watu hawajashiba.

Wewe umekulia mjini hapa, mambo ya kurina umeyaona kwa madebe yanayofika uani, kwa hiyo ni lazima nikueleze kwa nini neno "hukugeuka" lilinichoma hivyo. Kwetu kule Ugalla, mrina asali akishachukua kamba, shoka na mwenge wa kufukizia nyuki, akavuka shamba la mwisho la kijiji, haitwi. Na akiitwa hageuki. Nilifundishwa hivyo na baba yangu, naye alifundishwa na wake. Akigeuka, nyuki wanahama mizinga, na yeye atatembea siku mbili porini kwenda kufukiza magogo matupu. Babu yako aliwahi kugeuka kwa ajili ya kisu alichosahau, na msimu ule mizinga yake mingi aliikuta imejaa siafu. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naweza kuisema usingizini. Labda aliwahi kugeuka misimu mingine pia na asali ikapatikana tele, lakini hiyo haikusimuliwa, na kwetu kisichosimuliwa ni kama hakikutokea. Hilo nimelifikiria wiki hii tu. Mzee mzima.

Mama yako Kalunde alikuwa binti wa mrina. Mwiko huu aliujua kabla hajanijua mimi. Ndiyo maana miaka yote nimekuwa na jibu langu tayari, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza: Kalunde asingeita. Alikuwa na homa kidogo asubuhi ile, aliniambia ni uchovu, nikamwachia uji jikoni. Mwanamke aliyelelewa kwenye asali hawezi kumwita mumewe njiani kwa ajili ya uchovu. Jibu hilo nimelilalia kama mto. Sasa ligeuze uone upande wake wa pili. Mwanamke aliyelelewa kwenye asali, anayejua maana ya kumwita mtu aliyekwisha kuvuka mihogo, kama aliita, basi aliita kwa sababu alijua anakufa.

Ndicho ninachokiogopa. Nimekiandika sasa, na bado kuku wanaingia na kutoka.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Masanja, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe. Sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta mtu wa upande wangu. Unamjua Masanja, hana shule hata ya siku moja, lakini ng'ombe anawakumbuka kwa mama zao na bibi zao, hata wale waliofia njiani wakati wanahamia huku kutoka kwao. Sikumwambia habari ya mama yako. Nilimzungushia tu, nikasema mtoto ananibishia kwamba siku fulani ya zamani nilipokwenda kurina hakukuwa na mvua, wakati mimi nakumbuka mvua, mpaka maji yalivyokuwa yakiniingia shingoni nayasikia.

Akaniangalia. "Ulikuwa unaenda kutundika mizinga au kurina?"

"Kurina."

"Msimu ule mkubwa, masika yakishaisha?"

"Ndiyo."

"Sasa mvua imetoka wapi, wee Mkonongo?" Akaanza kucheka. "Nyie watu mnalewa hata asali ambayo haijachachuka! Mimi mambo yangu yote nayakumbuka kwa majani. Nikitaka kujua jambo lilikuwa lini, najiuliza, ng'ombe walikuwa wanakula nini? Hebu niambie, siku hiyo majani yalikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba yalikuwa mabichi. Badala yake nikayaona. Makavu, Nyamizi. Majani makavu yanavunjika chini ya miguu yangu, njia nyeupe kwa vumbi, na mimi kwenye kijito cha kwanza nakaa juu ya jiwe nanawa vumbi miguuni. Kijito chenyewe kilikuwa kimebaki maji kidogo. Vitu hivyo vyote nilikuwa navyo tangu zamani, vumbi na mvua vimekaa pamoja ndani ya siku moja, na sijawahi kuona ajabu yoyote.

Masanja aliendelea kucheka, akanipa maziwa. Nilirudi nyumbani.

Tangu siku hiyo najiuliza swali ambalo nadhani ni la aina ya yale unayokwenda kuyasomea chuoni. Nani aliiweka ile mvua? Mimi sikudanganya. Mwongo anaujua ukweli ndipo anauficha, na mimi sikuujua. Ningeapa mbele ya padri na mbele ya shehe, wote siku moja. Lakini mvua haikujileta. Kuna mtu ndani yangu aliyeona kwamba siku ile haibebeki ilivyo, akatafuta mvua kutoka siku nyingine, labda siku ya kutundika mizinga mwezi wa kumi na moja, akaimwagia juu ya njia ile ili isisikike sauti. Alifanya kazi hiyo bila kuniuliza. Aliifanya vizuri, mpaka shingo ikalowa. Ndiye huyo ninayemwogopa, kwa sababu naishi naye na sijui ameweka nini kingine. Siku hizi napita kwenye mambo yangu ya zamani nikiyagonga moja moja, jinsi tunavyogonga mzinga kusikia kama una nyuki au mtupu. Harusi yangu, je? Maneno ya mwisho ya baba yangu? Siku uliyozaliwa, ambayo nimekusimulia ukubwani mara nyingi na wewe ukapenda?

Na tena kuna hili. Miaka yote hii nimejijua kuwa mtu aliyekwenda porini kwenye mvua, akarudi akakuta kaburi, maskini, bila kosa lake. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikiwa mtu huyo. Ndiye aliyekulea, ndiye aliyekataa kuoa tena, ndiye watu wa mtaa wanaomwonea huruma. Kama mvua haikunyesha, mtu huyo hakuwapo. Basi mimi ni nani niliyekaa kwenye kiti chako? Usinicheke. Nimejikuta nimejishika mkono.

Nilijaribu kumwuliza mama yako mwenyewe. Nilifumba macho nimwone, ikaja ile picha ya ukutani. Unajua alivyo pale, amekakamaa, macho yametoka, kwa sababu mpiga picha alimwambia asitingishike. Kalunde hakuwa na uso ule. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Hilo nalijua kwa maneno, lakini machoni silioni tena, picha imesimama mlangoni haimpishi. Wakati naitundika nilidhani namhifadhi.

Kisha nikaikumbuka miguu. Ukiniuliza hapa nilipokaa mizinga yangu iko miti gani, nitakutajia michache halafu nitaanza kubabaika. Lakini niweke njiani, mti mmoja utanipeleka kwenye mwingine, mninga ule ulioungua utanikumbusha mti wa mtundu wenye mzinga mpya, mpaka wa mwisho, sikosei. Sehemu kubwa ya ninachokijua haimo kichwani mwangu. Iko kule nje, na miguu ndiyo inayoujua mlango wake. Nikawaza, basi niende nikasimame pale kijijini kwetu kwa zamani, mwisho wa mihogo, nisikilize miguu itasema nini.

Sikwenda. Na hapo ndipo nilipopata jibu ambalo nilikuwa silitaki. Tangu tuhamie mjini, kila msimu naingia porini kwa njia ya kuzunguka, ndefu, yenye kilima. Wenzangu waliniuliza sababu nikasema ile ya zamani ina mbung'o wengi. Wakakubali. Lakini njia zote za Ugalla zina mbung'o, mwanangu! Kichwa changu kilijiwekea mvua kikalala usingizi, lakini miguu haikukubali. Yenyewe imekuwa ikipakwepa mahali pale muda wote huo.

Hiyo si hakika. Sikuambii kwamba sasa naisikia sauti yake, kwa sababu siisikii. Nimetega sikio siku zote hizi, nimeiondoa mvua, nimetembea tena kwenye yale majani makavu, na pale mwisho wa mihogo pana kimya tu. Inawezekana kimya hicho ni kwa sababu hakuita. Inawezekana nilikiweka mwenyewe baada ya kuondoa mvua, kama mtu anayebadilisha kifuniko. Sina namna ya kutoka nje ya kichwa changu nikaangalie. Bibi yako amekufa, Siwema hakuwapo, majirani wa siku zile wametawanyika. Tumebaki wawili tuliokuwa pale, mimi ambaye mgongo wangu ulikuwa umewageukia, na wewe uliyekuwa unaona.

Ndiyo maana ile jana imenitisha kuliko Jumapili. Ulipopiga magoti ukasema labda umekosea, nilisikia nafuu, Nyamizi. Ilinishuka mwilini kama maji ya moto anayoogeshwa mgonjwa. Nikawaza, basi, imekwisha, mtoto amekubali, keshokutwa atapanda treni ya Dar es Salaam na vitabu vyake, na mimi nitakaa hapa na mvua yangu na hakuna wa kunibishia mpaka nife. Nilikaa na nafuu hiyo mpaka kamba niliyokuwa nasuka ikaisha. Kisha nikaogopa. Kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi. Wewe unaniachia kwa kunipenda, mimi napokea kwa uchovu, na mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni mpaka mwisho wa mihogo anaondolewa duniani mara ya pili, safari hii na sisi wawili, tukiwa tumeshikana mikono.

Kwa hiyo narudisha msamaha wako. Sitaki kusamehewa kwa njia ya wewe kusahau. Huko unakokwenda utakutana na watu wenye elimu, na nasikia watakuambia kwamba mtoto wa umri ule hawezi kushika jambo, kwamba ulichonacho umeambiwa ukakifanya chako. Labda ni kweli. Wasikilize, soma, bishana nao, ndiyo kazi uliyoitiwa. Lakini usichukue maneno yao ukayatumia kunihurumia mimi. Kama utaiacha kumbukumbu yako, iache kwa sababu umeona si ya kweli. Usiiache kwa sababu baba yako amezeeka na anakohoa.

Wala sikuambii kwamba yako ni safi na yangu ndiyo chafu. Khanga ile haikuwa ya mama yako. Hilo litabaki hivyo. Ulibebwa nayo na shangazi yako miezi mingi, ukailalia, ukaililia, na baadaye moyo wako ulipotaka kumvisha mama nguo ukachukua iliyo karibu. Nimeielewa kazi hiyo sasa kwa sababu nami nimefanyiwa. Jumapili nilidhani nikikukamata kwenye khanga nimeshinda kesi yote. Leo naona kwamba khanga si kweli na mvua si kweli, na bado baina ya hivyo viwili kuna watu waliokuwa pale kweli, na mmoja wao huenda aliita.

Nilikuwa nadhani kukumbuka ni kazi ya mtu peke yake, kama kuota. Sasa naona kwamba mtu akikumbuka peke yake muda mrefu, bila mpinzani, anaishia kukumbuka anachokitaka. Wewe umekuwa mpinzani wangu tangu ulipojua kusema. "Baba, si hivyo." "Baba, jana ulisema vingine." Nilikuwa nakasirika. Siwema aliwahi kuniambia, "Huyu mtoto atakuja kuwa hakimu, utakoma." Kesho treni ikiondoka nyumba hii itakuwa na watu wawili wanaokubaliana kwa kila kitu, na hilo linanitia hofu kuliko njaa. Naogopa nitakavyokuwa. Naogopa utarudi likizo umkute mzee ana hadithi nzuri, laini, haina mahali pa kushika, na wewe kwa adabu utaisikiliza mpaka mwisho.

Usiwe na adabu ya namna hiyo. Nibishie kwa barua. Nibishie hata mbele ya wageni.

Nimeona kivuli cha jamvi lililoanikwa uani kimefika mlangoni, mtarudi sasa hivi, kwa hiyo niandike lile lililonifanya nikae hapa. Nimelizunguka karatasi zote hizi kama ninavyoizunguka ile njia.

Jumapili uliposema mama aliita, nilikurukia kabla hujamaliza. Nimeirudia Jumapili ile kichwani mara nyingi, na ingawa sasa siamini kichwa changu, hilo nina hakika nalo kwa sababu Siwema naye amelithibitisha: hukupata nafasi ya kusema aliita akisema nini. Nami sikukuuliza. Nilibisha juu ya khanga, juu ya mvua, juu ya bibi yako, na sikuuliza neno lenyewe. Mtu anayeamini kabisa kwamba hakuna aliyeita angeweza kuuliza bila hofu. Angeuliza kwa kucheka.

Basi nakuuliza. Alisema nini?

Kama aliniita jina tu, niambie jina gani, kwa sababu mbele ya watu aliniita Baba Nyamizi, na lile jingine hakulitumia ila akiwa na furaha au na woga. Kama alisema nirudi, niambie. Kama alisema anaumwa, niambie hivyo hivyo, usipunguze. Kama kulikuwa na sauti tu na maneno hukuyashika, sema hukuyashika. Na kama ukitafuta ukakuta hapana kitu, usinitengenezee neno la kunituliza wala la kuniadhibu. Mimi nitalijua, au nitashindwa kulijua, na vyote viwili ni vibaya.

Barua yako ya kwanza isianze na salamu, wala habari za chumba, wala kama chakula kinatosha. Hayo mwandikie shangazi yako. Mimi niandikie hilo neno, peke yake, juu kabisa ya karatasi. Nitakwenda posta kila wiki kuiulizia, na najua kwamba ikifika nitakaa nayo mfukoni siku nzima kabla ya kuifungua, maana naogopa sana.

Lakini nitaifungua. Andika, mama.

Baba yako